Jinsi Departementi Moja ya Ufaransa Inavyogawanywa

Msomaji akiitazama ramani ya Ufaransa ataona ya kuwa nchi ile imekatwa vipande vingi, na vingi katika hivyo vina majina ya mito na milima. Vipande hivyo huitwa departementi. Jumla yake, pamoja na zile zilizo mbali ng'ambo ya bahari, ni 101. Tena ndani ya kila departementi mna mistari mingine midogo: mistari ya arondisimenti, ya kantoni, na ya komini.

Watu wengi wakiiona mistari hiyo hudhani ya kuwa ni ngazi moja ya ukubwa, kila kipandio kikitawala kile kilicho chini yake, kama wilaya inavyokuwa juu ya tarafa na tarafa juu ya kijiji. Lakini sivyo. Kila mstari ulichorwa kwa kazi yake, na mkubwa wa huku si lazima awe bwana wa mkubwa wa kule. Leo twataka kueleza kazi hizo moja moja, maana mtu asiyezijua hawezi kufahamu kwa nini watu wa vijiji vya Ufaransa hushindana sana mpaka mmoja unapotaka kusogezwa. Mpaka ukisogezwa, kuna kitu cha raia kinachosogea pamoja nao: ama safari yake ya kwenda kwa mkubwa, ama kura yake, ama daftari lenye jina lake.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutachukua departementi moja tu iwe mfano, nayo ni Lozère.

NCHI YA LOZÈRE

Lozère iko kusini mwa Ufaransa, katika nchi ya milima. Jina lake limetokana na Mlima Lozère, ambao kilele chake kina urefu wa futi zaidi ya 5,500. Mito mikubwa mitatu, Tarn, Lot na Allier, huanzia humo. Wakati wa baridi theluji huanguka nyingi juu ya milima, na watu wa huko tangu zamani hufuga kondoo na ng'ombe. Eneo lake ni karibu maili za mraba 2,000, wala wakazi wake hawapati 80,000. Katika Ufaransa yote iliyo Ulaya hakuna departementi yenye watu wachache kuliko hiyo. Mji wake mkuu ni Mende, wenye watu wapatao 12,000.

Tumeichagua nchi hii kwa makusudi. Katika miji mikubwa mipaka haionekani sana, kwa kuwa mtu hupanda gari akafika ofisini kwa muda mfupi. Bali katika nchi ya milima na watu wachache, ambako kijiji na kijiji hutengwa na bonde refu, mpaka huonekana kila siku.

ASILI YA DEPARTEMENTI

Kabla ya mwaka 1789 Ufaransa ilikuwa na majimbo ya kale, kila jimbo na desturi zake. Mipaka ya kodi haikulingana na mipaka ya mahakama, wala mipaka ya mahakama haikulingana na ile ya maaskofu. Nchi tunayoieleza ilikuwa, kwa sehemu kubwa, nchi ya Gévaudan, nayo ilihesabiwa katika jimbo kubwa la Languedoc.

Mapinduzi yalipotokea mwaka 1789, Bunge lilikata shauri kuyaondoa majimbo yale na kuigawanya nchi upya. Palikuwa na mashauri mawili. Shauri moja, lililoletwa na kamati ambayo Thouret alikuwa msemaji wake, lilitaka nchi ikatwe vipande vinavyokaribiana kwa ukubwa, kama miraba. Mwenye kulipinga, Mirabeau, alisema ya kuwa nchi haigawanywi kwa kipimo cha ardhi tu, bali kwa kuwaangalia watu na mazoea yao. Mwisho walipatana katikati: mipaka ikafuata mito, milima na mazoea ya watu, walakini ukubwa ukawa wa kukaribiana. Mwaka 1790 zikatokea departementi 83. Zikapewa majina ya mito na milima ili wivu wa majimbo ya kale usahauliwe.

Nia yao moja yafaa kukumbukwa. Walikusudia ya kuwa raia akaaye mbali aweze kufika kwenye makao makuu ya departementi yake kwa safari ya siku moja. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha departementi kilikuwa mwendo wa mtu na mnyama wake.

Mwaka ule ule Lozère ikagawanywa katika wilaya 7. Miaka kumi baadaye, tarehe 17 Februari 1800, Napoleon Bonaparte, aliyekuwa Konsuli wa Kwanza, alitoa sheria nyingine ya utawala, ambayo nguzo zake zingali zikisimama. Wilaya zile zilikuwa zimekwisha kufutwa kabla ya hapo, na sasa zikawekwa arondisimenti, ambazo zilikuwa kubwa zaidi. Lozère ikapata 3: Mende, Marvejols na Florac.

ARONDISIMENTI: MKONO WA SERIKALI

Sheria ya mwaka 1800 iliweka mkubwa mmoja juu ya kila departementi, aitwaye prefekti. Huyu hachaguliwi na watu. Huwekwa na serikali ya Paris, na serikali yaweza kumhamisha siku yoyote. Prefekti wa Lozère hukaa Mende. Lakini kwa kuwa hawezi kuwa kila mahali, hupewa naibu katika kila arondisimenti iliyo nje ya makao yake. Basi arondisimenti ni eneo la kazi la naibu wa prefekti, na si zaidi ya hayo. Haina baraza lake lililochaguliwa, haina kodi yake, wala haina fedha zake. Ni mkono wa serikali ulionyoshwa kuelekea vijijini.

Naibu huyo huangalia amani, huwashauri mameya wa vijiji, huchungua kama maazimio ya mabaraza yamefuata sheria, tena huwa mlango wa watu wa mbali wenye shida na serikali. Siku hizi karatasi nyingi huombwa kwa intaneti, lakini mlango huo ungali una thamani machoni pa watu.

Thamani yake ilionekana mwaka 1926. Serikali ya Poincaré, ikitaka kupunguza matumizi ya fedha, ilifuta arondisimenti 106 kwa mara moja katika Ufaransa nzima. Marvejols ilikuwa mojawapo. Tangu hapo Lozère imebaki na arondisimenti 2, yaani Mende na Florac, na watu wa upande wa Marvejols hutazama Mende. Mji unaopoteza makao ya naibu haupotezi ofisi peke yake. Hupoteza makarani na jamaa zao, hupoteza wageni waliokuja kwa mashauri na kununua vitu dukani, na hupoteza heshima yake mbele ya miji jirani. Hata hivyo mji wa Florac, wenye watu wapatao 2,000 tu, ungali na naibu wake, kwa sababu mabonde ya upande wake yako mbali na Mende na njia zake ni za milimani.

Tafadhali msomaji asichanganye arondisimenti hizi na zile za mji wa Paris. Paris nayo ina sehemu 20 ziitwazo kwa jina hilo hilo, lakini hizo ni mitaa ya mji mmoja.

KANTONI: MPAKA WA KURA

Mstari wa pili ni wa kantoni. Kantoni nazo zilianza mwaka 1790, na zamani kila kantoni ilikuwa na hakimu wake mdogo, aliyeitwa hakimu wa amani. Huyu alikata mashauri ya jirani na jirani: mpaka wa shamba, deni dogo, mnyama aliyeharibu mimea. Mahakimu hao waliondolewa mwaka 1958. Kazi iliyobaki kwa kantoni ni kubwa moja, nayo ni kuchagua madiwani wa baraza la departementi.

Baraza hilo lina mambo mengi mikononi: barabara za departementi, majengo ya shule za kati za watoto wa miaka 11 hata 15, ulinzi wa watoto wasio na wa kuwatunza, na msaada kwa wazee na maskini. Hapo kwanza mwenye kuyatekeleza maazimio yake alikuwa prefekti. Sheria ya tarehe 2 Machi 1982 ikageuza jambo hilo. Tangu hapo mwenye kuyatekeleza ni rais wa baraza, ambaye madiwani humchagua miongoni mwao. Prefekti amebaki mlinzi wa sheria. Akiona azimio lisilo halali, hana ruhusa ya kulifuta mwenyewe. Hulipeleka mbele ya mahakama ya utawala.

Lozère ilikuwa na kantoni 25, na kila moja ilichagua diwani mmoja. Lakini kantoni nyingine zilikuwa na watu wengi na nyingine wachache mno, hata kura ya mtu wa mlimani ikawa na uzito kuliko kura ya mtu wa mjini. Tena madiwani karibu wote walikuwa wanaume. Katika Ufaransa nzima wanawake hawakufika mmoja kati ya sita. Sheria ya tarehe 17 Mei 2013 ikaleta mageuzi mawili. Kwanza, hesabu ya kantoni ipunguzwe karibu nusu, na mipaka ichorwe ili kila moja iwe na watu wa kukaribiana. Pili, kila kantoni ichague watu wawili pamoja, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kwa hiyo tangu uchaguzi wa Machi 2015 Lozère ina kantoni 13 na madiwani 26, nusu wanaume na nusu wanawake. Kila kantoni ina watu kama 6,000.

Je, watu walifurahi? Waliopenda haki ya kura walifurahi, maana sasa kura ya huyu na ya yule zinakaribiana uzito. Walakini katika nchi ya milima kulikuwa na manung'uniko. Kantoni ikiongezwa ukubwa, diwani hukaa mbali zaidi, na mji mdogo uliokuwa mkuu wa kantoni hubaki na jina tu. Hapo twaona mambo mawili yaliyo mema yote yakigombana: usawa wa kura, na ukaribu wa mtu na mwakilishi wake. Ukivuta moja sana, jingine hupungua.

KOMINI: NYUMBA YA WATU

Sasa tumefika kwenye mstari ulio mdogo kuliko yote, na wenye nguvu kuliko yote katika mioyo ya watu. Huo ni mpaka wa komini. Neno hili si geni kwa wasomaji wa Burundi, Rwanda na Kongo, kwa kuwa Wabelgiji nao walilileta huko.

Sheria ya tarehe 14 Desemba 1789 iliagiza ya kuwa kila mji na kila kijiji kiwe na baraza lake. Vijiji vingi vilichukua mipaka ya mitaa ya kanisa iliyokuwako tangu kale, ndiyo maana komini za Ufaransa ni ndogo na ni nyingi mno. Hata leo zinakaribia 35,000. Komini yaweza kuwa mji mkubwa wenye watu laki kadha, tena yaweza kuwa nyumba chache kando ya kijito, zenye watu wasiofika 100. Sheria kwa asili ni moja kwa wote. Komini ya watu wasiofika 100 huwa na baraza la madiwani 7. Ya watu 100 hata 499 huwa na madiwani 11. Madiwani huchaguliwa na wakazi kwa miaka 6, nao humchagua meya katika kikao chao cha kwanza. Haikuwa hivyo siku zote. Chini ya sheria ya mwaka 1800 meya aliteuliwa na serikali. Kuanzia mwaka 1882 mabaraza ya komini zote, isipokuwa Paris, yakapata haki ya kumchagua meya wao, na sheria kubwa ya tarehe 5 Aprili 1884 ikayathibitisha hayo.

Meya ni mtu mwenye kofia mbili. Kwa upande mmoja ni mkubwa wa watu wake: huongoza baraza, hutunza njia za kijiji, jengo la shule ya watoto wadogo, makaburi, na fedha za komini. Kwa upande mwingine ni mtumishi wa serikali: hutangaza sheria, hutayarisha uchaguzi, na kuandika daftari za watu. Siku ya arusi huvaa mshipi wa rangi tatu, buluu, nyeupe na nyekundu. Katika Ufaransa ndoa inayotambuliwa na sheria ni ile iliyofungwa mbele ya meya. Wanaotaka kwenda kanisani au msikitini huenda baadaye.

Daftari hizo zina habari yake. Hapo zamani mapadre ndio walioandika ubatizo, ndoa na mazishi. Tarehe 20 Septemba 1792 kazi hiyo ikapewa komini, ili kila mzaliwa aandikwe sawasawa, awe wa dini hii au ile au asiwe na dini. Katika milima ya Cévennes, iliyo upande wa kusini wa Lozère, walikuwako Waprotestanti wengi ambao kwa miaka zaidi ya mia ndoa zao hazikutambuliwa na sheria za mfalme. Kwao daftari la kijiji halikuwa karatasi tu. Lilikuwa ushahidi ya kuwa mtoto ni mtoto wa halali, na ya kuwa mke aweza kurithi.

Walimu wetu watapenda kujua jambo hili pia. Katika vijiji vingi vya Ufaransa, kwa miaka mingi, karani wa meya alikuwa mwalimu wa shule. Asubuhi alifundisha watoto kusoma, jioni aliandika barua za baraza na daftari za uzazi. Mara nyingi shule na nyumba ya komini zilikuwa chini ya paa moja.

SHIDA YA KOMINI NDOGO

Hata hivyo udogo una taabu zake. Komini ya watu 80 hutakiwa kutengeneza njia za milimani, kuondoa theluji na kutunza jengo la shule hata ikiwa watoto ni wachache, na kodi yake ni haba. Vijana wakihamia mjini, mzigo hubaki juu ya wazee. Serikali imejaribu dawa mbili.

Dawa ya kwanza ni ushirika. Komini jirani hubaki kila moja na meya wake, bali huunda jumuiya ya komini ili kufanya pamoja kazi zinazoshinda nguvu za mmoja, kama kuzoa taka na kuwavutia wenye viwanda na biashara.

Dawa ya pili ni kuunganisha komini kabisa. Mwaka 1971 ilitolewa sheria ya kuhimiza jambo hilo, lakini waliokubali walikuwa wachache. Mwaka 2010 ikatolewa sheria nyingine, yenye upole zaidi. Komini zikiungana kuwa komini mpya, zile za zamani zaweza kubaki kama sehemu zake, kila sehemu na meya wake msaidizi na nyumba yake ya komini ambamo wakazi huandikisha uzazi na vifo vyao. Kwa njia hii watu wa Lozère walianza kukubali. Tarehe 1 Januari 2016 Florac iliungana na La Salle-Prunet, ikaitwa Florac Trois Rivières. Siku hiyo hiyo komini tatu za Mlima Lozère, yaani Le Pont-de-Montvert, Fraissinet-de-Lozère na Saint-Maurice-de-Ventalon, ziliungana kuwa moja. Kabla ya hapo departementi ilikuwa na komini 185. Miaka michache baadaye zikawa karibu 150.

Wanaotaka kuungana husema kama tusemavyo sisi, umoja ni nguvu. Wanaokataa hujibu kwa maana ya methali nyingine, mwacha asili ni mtumwa. Husema: leo meya wetu tunamjua, twamkuta njiani, twamwambia daraja limevunjika. Kesho ataketi ng'ambo ya mlima, na katika baraza kubwa sisi tutakuwa wachache. Hatuoni ya kuwa upande mmoja una akili na mwingine hauna. Ila twaona ya kuwa sheria ya 2010 ilifanikiwa mahali ambapo ile ya 1971 ilishindwa, kwa sababu haikuwanyang'anya watu jina la kijiji chao wala daftari lao.

JIRANI ZETU WA MAYOTTE

Mtu asidhani ya kuwa habari hizi ni za Ulaya peke yake. Kisiwa cha Mayotte, kilicho katika visiwa vya Ngazija na ndugu zake, kilifanywa departementi ya 101 ya Ufaransa tarehe 31 Machi 2011. Kina komini 17 na kantoni 13. Huko pia swali la daftari lilikuwa zito. Watu wa Mayotte ni Waislamu karibu wote, na zamani kadhi ndiye aliyefungisha ndoa na kuamua mashauri ya jamaa. Mwaka 2010 mamlaka ya kadhi ya kuhukumu yaliondolewa, na mambo ya ndoa na uzazi yakawa ya meya na mahakama ya serikali. Basi mstari uliochorwa kwa ajili ya wakulima wa Ufaransa miaka zaidi ya mia mbili iliyopita leo wapita katika vijiji vya Waswahili wa bahari yetu hii.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa maneno machache: arondisimenti ni ya serikali, kantoni ni ya kura, komini ni ya watu wenyewe. Naibu wa prefekti si bwana wa diwani wa kantoni, wala diwani wa kantoni si bwana wa meya. Kila mmoja ana kazi yake na ana mtu wa kumwuliza habari ya kazi hiyo: naibu huulizwa na serikali, diwani na meya huulizwa na wapiga kura.

Mwalimu akitaka kuwafundisha watoto somo hili, na awachoree duara tatu za rangi mbalimbali juu ya ramani moja, kisha awaulize: mtu huyu akitaka kumwandikisha mwanawe, aende wapi? Akitaka barabara kubwa itengenezwe, amwambie nani? Na mzee wa kijiji, akisikia popote duniani ya kuwa mpaka utasogezwa, na aulize maswali yale yale matatu kabla ya kusifu au kulaumu: safari ya mtu itakuwa ndefu kiasi gani, kura yake itakuwa na uzito gani, na daftari lenye jina lake litakaa wapi.